Nguzo ya viputo vya gesi: jinsi ya kuijenga, kuitazama na kuipima hapa hapa Kigoma

Fundi pancha wa karibu na kwangu, Mwanga, ana beseni la maji meusi ambalo nimelitazama kuliko televisheni. Anajaza tyubu upepo, anaizamisha, anaizungusha polepole, na penye tundu viputo vinaanza kupanda. Siku moja nilimuuliza tundu lile lina ukubwa gani. "Mwalimu, hata sindano haipiti." Lakini kiputo kilichokuwa kikitoka kilikuwa kama punje ya mtama. Tundu lisilopitisha sindano limezaaje punje ya mtama? Swali hilo ndilo linalowasumbua wahandisi wa kemia wanaobuni riakta, yaani yale matangi ambamo gesi hupitishwa ndani ya kimiminika, mara nyingine pamoja na unga wa kitu kigumu, ili vitu vimenyuke.

Riakta za aina hiyo zipo nyingi. Kugandisha mafuta ya kula hufanywa kwa kupitisha haidrojeni ndani ya mafuta yenye unga wa nikeli. Mawese yetu nayo, kiwandani, hupoteza wekundu yakichemshwa na kupulizwa hewa kabla ya kutengenezwa sabuni. Afrika Kusini, Sasol walianza mwaka 1993 kutumia riakta ya viputo yenye kipenyo cha mita 5 na kimo cha mita 22 kutengeneza nta na mafuta kutokana na gesi. Ukitaka kuelewa kinachotokea ndani ya tangi la chuma usiloweza kuchungulia, jenga dogo unaloona ndani. Langu, hiyo nguzo ya viputo, lina kimo cha mita moja na kidogo, limefungwa kwenye nguzo ya kibaraza, na wanafunzi wa kidato cha sita hulitumia kila muhula.

Kwanza, hesabu moja ndogo

Chukua lita moja ya hewa. Ikiwa kiputo kimoja kikubwa, ngozi yake yote ni chini ya nusu ya mita ya mraba, tena mbali sana: 0.05 tu. Igawe iwe viputo vya milimita 4, ngozi inafika mita za mraba 1.5, kama mkeka wa mtu mmoja. Igawe tena iwe vya milimita 1, unapata mita za mraba 6, sakafu ya chumba kidogo. Hewa ni ile ile. Gesi iliyo katikati ya kiputo haina kazi yoyote mpaka ivuke ngozi iingie kwenye maji, kwa hiyo anayeongeza pampu bila kutazama viputo anaongeza bili ya umeme kwanza, mengine baadaye.

Vifaa

Chupa sita za soda zenye ubavu laini, zote za aina moja. Zile za maji zenye mikunjo zitakuvuruga macho. Gundi ya silikoni ya mafundi wa vioo na alumini. Mpira wa dripu mpya kutoka duka la dawa, ule wenye kigurudumu cha kubania, kwa sababu kigurudumu hicho ndicho koki yako ya hewa na sijaona kingine cha bei hiyo kinachobana kwa utulivu namna ile. Rula mbili za plastiki, uzi, sindano ya kushonea, kisu chembamba, faneli ya muuza mafuta ya taa, simu yenye kamera, na mipira ya baiskeli iliyokufa ya kufungia.

Chanzo cha hewa kiwe pampu ndogo ya tangi la samaki. Kigoma hazikosekani, maana kuna watu wanaosafirisha samaki wa mapambo wa ziwani. Ukikosa, tyubu ya gari dogo iliyojazwa kwa fundi pancha inatoa hewa kwa muda wa kutosha jaribio moja. Puto usijaribu. Mita moja ya maji inasukuma kwa kilopaskali 10 hivi, na puto la kawaida halina ubavu huo. Litabaki limevimba huku hakuna kinachotoka chini.

Hatua ya 1: Unganisha nguzo

Chupa ya chini ikate shingo tu, kitako kibaki. Nyingine zikate juu na chini zibaki mirija. Ili mrija uingie ndani ya mwenzake, chovya ukingo wake kwa nukta (sekunde) chache kwenye maji yanayokaribia kuchemka. Plastiki hiyo hujikunyata ikiguswa na joto. Ukizidisha inakunjamana kama karatasi iliyolowa, na chupa hiyo basi tena. Ingiza kama sentimita mbili, paka silikoni nje na ndani, acha siku nzima. Usiharakishe hapa. Ukiijaza maji siku hiyo hiyo, itavuja kwenye kiungo cha chini kabisa, ambako ndiko kusikofikika.

Simamisha nguzo kwa timazi, siyo kwa macho. Ya kwanza niliyojenga iliinama kidogo sana, hakuna aliyeona, lakini viputo vyote vilikimbilia upande mmoja na maji yakawa yanazunguka, juu upande huu, chini upande ule. Nilipoteza wiki nzima nikidhani kosa ni matundu.

Osha kwa maji matupu. Narudia: matupu. Mwaka jana nilimwachia mtoto wa jirani aoshe, akaosha vizuri sana, kwa sabuni ya unga. Mabaki ambayo hata kwa ulimi huyasikii yalitosha kuinua povu mpaka likamwagika sakafuni, na vipimo vya siku ile nikavitupa.

Hatua ya 2: Pete ya matundu

Kunja mpira wa dripu uwe pete ya sentimita 6, ziba mwisho wake kwa moto, na funga nati mbili za chuma ili izame. Mpira uingilie juu, ushuke kando ya ukuta mpaka chini. Ukitoboa kitako cha chupa utapambana na kuvuja maisha yako yote. Pampu nayo iwekwe juu kuliko usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji yatarudi kwenye mpira yaingie ndani yake.

Sasa matundu, na hapa nitakaa kidogo.

Kiputo kikiwa kinazaliwa polepole kinashikiliwa na ukingo wa tundu. Maji yana kama ngozi iliyovutwa, nayo hukiweka kiputo pale mpaka nguvu ya kuelea ishinde. Ukilinganisha nguvu hizo mbili, tundu la milimita 1 linazaa kiputo cha milimita 3.5 kwenye maji safi. Lifanye tundu kuwa nusu milimita, ungetegemea kiputo nacho kiwe nusu. Hapana: kinakuwa milimita 2.8. Ujazo ndio unaopungua nusu, kipenyo kinapungua kwa mzizi wake wa tatu tu. Ndiyo siri ya beseni la fundi pancha.

Kuna zaidi. Ukifungua hewa sana, ukingo wa tundu haupati nafasi ya kuamua; hewa inajaza kiputo wakati kinang'oka, na ukubwa unafuata mkondo. Tuseme unapitisha lita 4 kwa dakika. Kwa matundu 12, hesabu inatoa viputo vya karibu milimita 6.5. Hewa hiyo hiyo kwa matundu 40 inatoa vya milimita 4 hivi. Kwa hiyo usijitese kutafuta sindano nyembamba kuliko zote, ongeza idadi. Mimi natoboa 30 mpaka 40 kwa sindano ya moto, safu mbili, nikiigusa mpira na kuichomoa papo hapo. Ikikaa ndani tundu linapanuka, na hewa, kama watu kwenye foleni, hukimbilia dirisha linalopitisha haraka. Zamisha pete kwenye beseni kwanza. Ukiona upande mmoja unachemka na mwingine umenyamaza, tengeneza nyingine.

Hatua ya 3: Pima hewa

Tafuta pipa lenye kina kinachokaribia cha nguzo yako, kwa sababu pampu ndogo hutoa hewa kidogo zaidi inaposukuma maji mengi. Zamisha pete chini. Jaza chupa ya lita maji, igeuze kichwa chini ndani ya pipa na faneli mdomoni mwake, ikamate viputo vinapopanda. Hesabu nukta mpaka chupa ijae hewa. Nukta 15 maana yake lita 4 kwa dakika.

Pima mzingo wa nguzo kwa uzi, gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Kwa kipenyo cha sentimita 9, eneo la mdomo ni sentimita za mraba 63.6. Lita 4 kwa dakika ni sentimita za ujazo 66.7 kwa nukta. Gawa kwa eneo, unapata sentimita 1.05 kwa nukta. Namba hii ndiyo lugha ya wahandisi: inamwezesha mwenye chupa za soda kuzungumza na mwenye tangi la mita 5, kwani haijali upana.

Hatua ya 4: Kiputo kimoja kwanza

Jaza maji mpaka sentimita 100. Bana kigurudumu mpaka viputo vitoke kimoja kimoja. Weka alama kwenye sentimita 30 na 80, piga video, hesabu muda wa kukata hizo 50. Kwa viputo vya milimita 3 hadi 6 utapata karibu nukta mbili, yaani sentimita 20 hadi 25 kwa nukta. Ajabu ni kwamba katika safu hiyo ukubwa haubadilishi mwendo sana. Kiputo kikubwa kinaelea kwa nguvu zaidi, lakini kinabonyea kuwa kama chapati na kusukuma maji mengi mbele yake. Kitazame kwa karibu: hakiendi moja kwa moja, kinayumba huku na huku au kinazunguka kama ngazi ya mviringo. Leonardo da Vinci aliliona hilo zamani na likamshangaza.

Vidogo sana ni habari nyingine. Cha sehemu moja ya kumi ya milimita kinapanda kwa nusu sentimita tu kwa nukta, kikiwa duara kamili, kimetulia kama vumbi kwenye mwanga wa dirishani. Kwenye mita moja ya maji kitakaa zaidi ya dakika tatu. Ni muda mwingi wa kutoa gesi yake.

Kiputo pia hukua kikipanda. Kigoma tupo takriban mita 770 juu ya bahari na mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 92 hivi, kwa hiyo mita moja ya maji inafanya ujazo wa kiputo uongezeke kama sehemu moja ya kumi kikifika juu. Kwenye nguzo yetu si neno. Kwenye riakta ndefu ni jambo la kuhesabiwa, na kwenye ziwa hili ni balaa: kiputo kinachoachwa mita 100 chini kinafika juu kikiwa na ujazo karibu mara 12. Majirani wa Ziwa Kivu, ambalo maji yake hutujia kwa Mto Ruzizi, wanatumia tabia hiyo. Maji ya kina yenye methani yakiingizwa kwenye bomba na kupandishwa, gesi inatoka, viputo vinapanuka, na baada ya kuanzishwa maji hujivuta yenyewe.

Hatua ya 5: Gesi iliyomo ndani

Fungua hewa mpaka lita 4 kwa dakika. Usawa wa maji utapanda. Weka alama katikati ya kuchezacheza kwake, funga hewa, weka alama ya pili. Ikiwa 104 ilirudi 100, chukua 4 gawa kwa 104: gesi ni asilimia 3.8 ya mchanganyiko. Hakiki kwa njia nyingine, gawa mwendo wa hewa kwa mwendo wa kiputo: 1.05 kwa 24 ni asilimia 4.4. Majibu mawili yakikaribiana hivi, lala usingizi. Yakiachana mara mbili, kuna tundu lililopanuka au kuna sabuni.

Hatua ya 6: Ukubwa wa viputo

Tumbukiza rula ndani ya maji, karibu na viputo. Rula ya nje itakudanganya, kwa sababu nguzo ya duara iliyojaa maji ni lenzi: inanenepesha upana na kuacha kimo kilivyo. Piga picha, pima upana na kimo cha kila kiputo. Zidisha upana kwa upana kwa kimo, tafuta mzizi wa tatu. Chenye upana wa milimita 5 na kimo cha 3.2 ni sawa na tufe la milimita 4.3.

Pima visivyopungua 50, halafu usitafute wastani wa kawaida. Tuseme una viputo tisa vya milimita 2 na kimoja cha milimita 6. Wastani ni 2.4, unafurahi. Lakini kile kimoja kimebeba robo tatu ya hewa yote! Jumlisha vipenyo vilivyopandishwa kipeo cha tatu, gawa kwa jumla ya vile vya kipeo cha pili: 288 kwa 72, jibu ni 4. Hicho huitwa kipenyo cha Sauter, nacho ndicho kinachojua ngozi ya kweli. Zidisha sehemu ya gesi kwa 6, gawa kwa kipenyo hicho kwa mita: 0.04 mara 6 kwa 0.004 ni mita za mraba 60 kwa kila mita ya ujazo ya mchanganyiko.

Hatua ya 7: Chumvi ya Uvinza

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote. Toa pete, weka jiwe la hewa, lile la matangi ya samaki lenye vitundu visivyoonekana. Kwenye maji ya mvua utaona viputo vinazaliwa vidogo mno juu ya jiwe, vinagusana, vinamezana, na kinachopanda ni viputo vya kawaida kabisa. Umelipia jiwe bure.

Sasa koroga chumvi, gramu 10 kwa kila lita. Nguzo hii ina kama lita 6.4, kwa hiyo gramu 64. Washa tena. Maji yanageuka meupe kama tui. Viputo vinagusana na kuachana bila kuungana, ukungu unapanda polepole, na usawa wa maji unapanda juu kuliko mwanzo kwa hewa ile ile. Mwanafunzi mmoja alinisogelea akauliza kama nimeweka maziwa. Chumvi haikubadilisha mvutano wa ngozi ya maji kwa kiasi cha maana. Ilichofanya ni kuchelewesha utando mwembamba wa maji kati ya viputo viwili usikonde na kupasuka. Kiwango kina kizingiti: chini sana ya hapo hakuna kinachoonekana. Maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe, ingawa yana madini na ni ya alkali, hayafikii karibu.

Rudia na pete ya sindano. Tofauti itakuwa ndogo, maana chumvi huzuia kuungana tu. Haiwezi kupunguza kiputo kilichozaliwa kikubwa.

Hatua ya 8: Fungua hewa mpaka ivurugike

Beba nguzo hadi kwenye kompresa ya fundi pancha, na umwombe afungue kidogo kidogo. Mpaka mwendo wa hewa, ile namba ya hatua ya 3, ufike sentimita 3 hivi kwa nukta, viputo hupanda kwa adabu, vinafanana. Karibu na 5, ambayo kwenye nguzo yetu ni lita 19 kwa dakika, adabu inaisha: viputo vikubwa vinapasua katikati kwa kasi, maji yanashuka kando ya kuta, vidogo vinaburutwa chini. Kiputo cha sentimita 4, chenye umbo la kofia, kinakwenda sentimita 44 kwa nukta ukikikuta peke yake. Kinapita na gesi yake kabla haijayeyuka. Riakta nyingi kubwa huendeshwa katika vurugu hii, kwa makusudi, kwa sababu zinahitaji gesi nyingi.

Nguzo nyembamba kama yetu ina ugonjwa wake: kiputo kinaweza kujaa upana wote na kupanda kama bastola ya injini, kikirusha maji nje. Ndiyo maana vipimo vya kukuzia mtambo hufanywa kwenye nguzo ya sentimita 15 au zaidi. Vaa miwani, usizibe mdomo wa juu kamwe.

Hatua ya 9: Kitu cha tatu

Mnato kwanza. Chemsha maji, halafu uji mzito wa muhogo. Maji yanatoa viputo vingi vidogo, uji unatoa vichache vikubwa vinavyopasuka na kukuchoma mkono. Unga laini ukizidi ndani ya riakta hufanya hivyo hivyo: mchanganyiko unakuwa mzito, viputo vinaungana, gesi inapungua. Weka chokaa laini vijiko viwili kwenye nguzo, kisha kumi, upime usawa kila mara. Mchanga wa ufukweni haufai, unalala chini.

Hatua ya 10: Mmenyuko wenyewe

Pata maji ya chokaa yaliyotulia na kuchujwa, changanya sehemu moja na sehemu tisa za maji ya mvua, weka matone ya fenolfthaleini, kiashirio kinachogeuka waridi penye alkali, kutoka maabara ya shule. Yatakuwa ya waridi. Weka kina cha sentimita 25 tu kwenye gilasi mbili ndefu zinazolingana, kwa sababu kupuliza mita nzima kwa mdomo ni kazi ya mapafu ya mpiga tarumbeta. Kwenye moja puliza kwa mrija mnene wa soda, kwenye nyingine kwa pete ya matundu. Puliza tu, usivute hata mara moja, chokaa inaunguza. Hesabu pumzi mpaka rangi ipotee.

Hewa unayotoa ina kabonidioksidi kama asilimia 4, nayo ndiyo inayomenyuka na chokaa na kuondoa rangi, na pumzi ni zile zile kwa gilasi zote mbili. Andika namba mbili, moja chini ya nyingine. Kisha dondosha tone la mawese yaliyoyeyushwa kwenye lile povu lililobaki juu ya gilasi ya pete, uone povu linavyofunguka na kushuka. Suuza kila kitu mara tatu, kwa maji matupu.